Nywila Imekubali, Unafomati Nini?

Juzi mdogo wangu mmoja anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma aliniandikia: “Kaka shikamoo. Laptop imeungua madabodi. Diski nimeichomeka kwenye laptop ya rafiki, nywila inakubali ila mafaili hayaonekani. Fundi wa Majengo anasema tufomati.”

Nikamjibu kwa herufi kubwa: USIGUSE, NJOO.

LUKS, yaani kufuli linalosimba diski, ikikubali nywila, geti limefunguka. Kinachogoma ni mlango wa ndani, yaani LVM, mfumo unaogawa nafasi ya diski kwa makundi. Ukifomati na kusakinisha upya unafuta kichwa cha LUKS chenye funguo, na hapo hata nywila sahihi haikusaidii kitu.

Alipofika kwangu Makulu na laptop ya rafiki, diski ikiwa imechomekwa, nikaandika amri ya kuorodhesha makundi ya LVM:

sudo pvs -o pv_name,vg_name,vg_uuid

Mistari miwili, yote vgubuntu. Nilicheka. Laptop zote mbili, iliyoungua na ya rafiki, ziliwekewa mfumo wa Ubuntu 22.04 kwa kuchagua LVM yenye usimbaji kisha “endelea, endelea”, na kisakinishi chake hulipa kundi la LVM jina hilohilo. Majina yakigongana, kundi la diski ya nje haliwaki. Dawa ni kulibadili jina kwa UUID yake, yaani namba yake ya kipekee. Ikague mara mbili. Ukikosea ukabadili la laptop inayotumika, kesho haiwaki.

sudo vgrename UUID-YA-DISKI-YA-NJE zamani
sudo vgchange -ay zamani
sudo mount -o ro /dev/zamani/root /mnt

Ripoti yake ya utafiti hiyo hapo, na picha za harusi ya dada yake juu.

Kuna ofisi moja hapa mjini iliwahi kuninyima kazi eti “wewe fundi simu tu”. Sawa bwana. Fundi simu huyo ndiye wanayempigia sasa, na bei imepanda.

Vijana mnaozitaka kazi za seva kule Mtumba, Mji wa Serikali, acheni ugonjwa wa kufomati! Someni ujumbe wa kosa. Amri za pvs, vgs na lvs zinasoma tu, hazikuharibii kitu. Zipigeni mpaka mzizoee. Na kabla ya yote, chukueni nakala ya kichwa cha LUKS kwa cryptsetup luksHeaderBackup, faili liende kwenye flashi. Kichwa cha LUKS2 kwa kawaida ni MiB 16 tu, hakuna kisingizio cha nafasi.

Diski hiyo ukitaka iwashe laptop nyingine, rudisha kwanza jina vgubuntu, maana fstab yake, faili linaloorodhesha sehemu za diski za kufunguliwa mashine ikiwaka, inalitafuta hilo. Fanya hivyo kwa kuwasha mashine kwa flashi ya Ubuntu. Laptop ya rafiki itakataa, jina tayari lina mwenyewe.