Hasira ya nyumba, hesabu ya kura: jibu kuhusu wapiga kura wa Ireland

Mhariri,

Swali lenu la wiki liliuliza hivi: Ireland ina ziada kwenye bajeti, ajira zipo, makampuni makubwa ya Marekani yamejazana Dublin, mbona wapiga kura wake wananung'unika kila uchaguzi? Na kama wananung'unika kweli, mbona vyama vilevile viwili vinarudi madarakani?

Kinachowaudhi ni nyumba. Kinachowarudisha vyama hivyo viwili, Fianna Fáil na Fine Gael, ni namna kura zinavyohesabiwa, pamoja na umri wa wanaojitokeza kupiga. Wengi hujibu nusu ya kwanza ya swali wakaishia hapo.

Chanzo ni usiku wa tarehe 29 Septemba 2008. Serikali ya Fianna Fáil chini ya Brian Cowen ilikubali kudhamini amana na madeni ya benki sita, jumla ya takriban yuro bilioni 440. Benki hizo zilikuwa zimewakopesha wajenzi na walanguzi wa viwanja kana kwamba bei ya ardhi haijui kushuka. Ikashuka. Kufikia Novemba 2010 serikali haikuweza tena kukopa sokoni kwa riba inayolipika, ikaingia kwenye mpango wa yuro bilioni 85 wa Umoja wa Ulaya na IMF. Kati ya hizo, bilioni 17.5 zilikuwa fedha za Ireland yenyewe, ikiwemo akiba iliyowekwa kwa ajili ya pensheni za baadaye. Kuzinusuru benki peke yake kuligharimu bilioni 64, katika nchi iliyokuwa na watu wasiofika milioni tano.

Bili ya kubana matumizi ilikuja vipande vipande: mishahara ya watumishi wa umma ikakatwa, tozo mpya ya mapato iitwayo USC ikaanza Januari 2011, kodi ya majengo ikafuata mwaka 2013. Posho ya vijana wasio na kazi ilishushwa hadi yuro 100 kwa wiki wakati mtu mzima alipata 188. Mwaka 2012 watu 15 kati ya kila 100 kwenye soko la ajira hawakuwa na kazi, na vijana wakapanda ndege kwenda Australia na Kanada. Yote hayo watu waliyavumilia, huku wakiguna.

Walichokataa ni bili ya maji. Hadi wakati huo kaya za mijini zilikuwa zikilipia maji kupitia kodi za kawaida, hazikuwa na mita. Kampuni mpya ya umma, Irish Water, ilipoanza kuchimba kando ya barabara kufunga mita, wakazi wa mitaa ya Dublin na Cork walitoka kusimama juu ya mashimo ili mafundi wasifanye kazi. Oktoba 2014 maelfu kwa maelfu waliandamana. Serikali ikaogopa, ikaweka kiwango cha juu cha yuro 160 kwa mwaka kwa anayeishi peke yake na 260 kwa kaya ya watu wazima wawili au zaidi, kisha ikamrudishia kila aliyejiandikisha yuro 100. Kwa mtu mmoja ilibaki yuro 60. Anayetazama tarakimu tu atashangaa ugomvi wote huo ni wa nini. Lakini mwananchi alikuwa ameshalipia benki na ameshalipia nyumba, sasa anaambiwa alipie na bomba. Mwaka 2016 malipo yalisimamishwa, na mwaka uliofuata waliokuwa wamelipa walirudishiwa pesa zao.

Kwa upinzani, ushindi huo ulikuwa darasa. Oktoba 2014, katika uchaguzi mdogo wa Dublin South-West, Sinn Féin, chama cha mrengo wa kushoto kinachotaka Ireland iungane, ndiyo iliyotarajiwa kushinda. Akashinda Paul Murphy wa mrengo wa kushoto zaidi, aliyesema wazi kwamba watu wasilipe. Tangu hapo Sinn Féin haikusitasita tena kuhusu maji.

Tuje kwenye nyumba, maana ndiko moto ulikobaki baada ya maji kuisha. Mwaka 2006, kwenye kilele cha ujenzi, zilikamilika nyumba kama 90,000. Mwaka 2013 zilikamilika zisizofika 5,000. Halmashauri, ambazo katika miaka ya 1970 zilijenga takriban theluthi moja ya nyumba zote mpya, mwaka 2015 zilijenga nyumba 75. Sabini na tano, nchi nzima. Fedha za maendeleo ndizo rahisi kukatwa kwa sababu hakuna mtu anayepoteza kazi siku hiyohiyo, na watu wa IMF hawakuwa na sababu ya kulalamika. Hasara inaonekana baada ya miaka kumi, wakati waliokata wameshastaafu.

Kuanza upya kulikuwa kugumu kuliko kusimamisha. Mafundi walikuwa wameondoka. Wajenzi wadogo waliokuwa wakijenga nyumba 10 au 20 pembeni mwa mji walikuwa wamefilisika. NAMA, shirika la umma lililoundwa mwaka 2009, lilinunua kutoka benki mikopo mibovu ya ardhi na majengo yenye thamani ya yuro bilioni 74 kwenye makaratasi, likailipia bilioni 32 hivi, kisha likawauzia wawekezaji kwa mafungu makubwa. Mwaka 2013 sheria ikafungua mlango kwa mifuko ya uwekezaji wa majengo yenye nafuu ya kodi. Matokeo yake ni kwamba majengo mapya mengi ya Dublin yalijengwa yapangishwe na mfuko mmoja badala ya kuuzwa kwa familia.

Na badala ya kujenga, serikali ilianza mwaka 2014 kulipa pango. Mpango huo unaitwa HAP: halmashauri inamlipa mwenye nyumba binafsi, mpangaji anachangia kulingana na kipato chake. Ni wa haraka, na kasoro yake ndiyo hiyohiyo haraka, kwani nyumba si ya halmashauri. Mwenye nyumba akiamua kuuza, anatoa notisi ya kuhama, na familia inarudi kwenye foleni ileile ya kutafuta nyumba ambazo hazipo. Marufuku ya kuwahamisha wapangaji iliyowekwa majira ya baridi ya 2022 iliondolewa mwisho wa Machi 2023. Kufikia uchaguzi wa Novemba 2024 watu karibu 15,000 walikuwa kwenye malazi ya dharura, zaidi ya 4,500 kati yao watoto. Takwimu hiyo haimhesabu anayelala kwenye sofa la rafiki.

Mfano wa hesabu ya kijana anayetaka kununua. Nyumba ni yuro 400,000, ambayo kwa Dublin si anasa. Benki Kuu inamtaka anayenunua mara ya kwanza awe na asilimia 10 mkononi, yaani 40,000, na mkopo usizidi mara nne ya kipato chake cha mwaka. Mkopo wa 360,000 unadai kipato cha 90,000. Kwa wawili wanaofanya kazi inawezekana. Kwa mmoja, mwalimu au nesi, haiwezekani. Serikali ina msaada wa Help to Buy wa hadi 30,000, lakini ni kwa nyumba mpya tu, kwa hiyo anayetaka nyumba kuukuu hapati kitu, na wachumi wengi wanadai sehemu ya msaada huo inaishia kwenye bei. Wakati huohuo anaweka akiba huku akilipa pango ambalo kwa mkataba mpya Dublin, kwa wastani, limepita yuro 2,000 kwa mwezi. Ndiyo maana sensa ya 2022 ilikuta zaidi ya watu wazima 520,000 wanaishi na wazazi wao. Sensa hiyohiyo ilikuta nyumba 166,000 na ushee hazina mtu.

Sasa umwambie mtu huyo kwamba hazina imejaa. Septemba 2024 Mahakama ya Ulaya iliamuru Apple iilipe Ireland kodi iliyofika kama yuro bilioni 14 pamoja na riba, kodi ambayo serikali ya Ireland yenyewe ilikuwa imepigana mahakamani isilipwe. Mwezi huohuo ikafichuka kwamba banda la kuegesha baiskeli nje ya Bunge liligharimu yuro 336,000. Banda lina nafasi ya baiskeli 36, na watu walilalamika kwamba hata mvua halizuii vizuri. Nionavyo mimi, banda lile liliharibu jina la serikali kuliko ripoti yoyote ya kitaalamu.

Mbona basi hawakuondolewa? Tuitazame karatasi ya kura.

Msomaji wa Kenya au Tanzania amezoea kwamba aliyeongoza jimboni ndiye mbunge. Ireland kila jimbo lina wabunge watatu, wanne au watano, na mpiga kura anaandika 1, 2, 3 mbele ya majina kwa kadiri anavyowapenda. Kima cha kushinda kinapatikana hivi: kura halali unazigawa kwa idadi ya viti ukiongeza kimoja, halafu unajumlisha kura moja. Jimbo la viti vitano lenye kura 60,000: gawa kwa sita, unapata 10,000, kima ni 10,001. Aliyepita kima, ziada yake inahamia kwa walioandikwa namba 2. Asipofika mtu, wa mwisho anatolewa na karatasi zake zinagawiwa hivyohivyo. Zoezi linaweza kuchukua siku kadhaa, na kuna watu wazima wanaochukua likizo ili walifuatilie.

Mfumo huu unamlipa mwenye marafiki, na unamwadhibu aliyekosea idadi ya wagombea. Mwaka 2020 Sinn Féin ilipata asilimia 24.5 ya kura za chaguo la kwanza, nyingi kuliko chama chochote. Lakini ilisimamisha wagombea 42 tu kwa Bunge la viti 160, kwa sababu mwaka mmoja kabla ilikuwa imebwagwa vibaya kwenye uchaguzi wa halmashauri, ikabana idadi ili kura zisitawanyike. Katika jimbo la Dublin Bay North mgombea wake wa pekee alipata kura zaidi ya 21,000 wakati kima kilikuwa karibu 12,000. Kwa kura hizo mgombea wa pili angekuwa na nafasi nzuri sana. Ziada ikaenda kwa wengine. Chama kikatoka na viti 37, kimoja nyuma ya Fianna Fáil.

Upande wa pili, Fianna Fáil na Fine Gael, mahasimu tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1922–23, walianza kuegemeana mwaka 2016 na wakaunda serikali ya mseto pamoja na chama cha mazingira, Kijani, mwaka 2020. Wapiga kura wao wakazoea kuandikana 1 na 2. Mwaka 2007 vyama hivyo viwili kwa pamoja vilipata karibu asilimia 69 ya kura. Novemba 2024 vilipata kama 43. Ni anguko kubwa, lakini asilimia hizo 43 zilizaa viti 86 kati ya 174, viwili tu pungufu ya wingi. Pengo likazibwa na wabunge huru, na Micheál Martin wa Fianna Fáil akawa Waziri Mkuu Januari 2025.

Sinn Féin nayo ilijikwaa. Mwaka 2022 kura za maoni ziliipa hadi asilimia 35 au zaidi. Kisha mjadala wa uhamiaji ukaupasua msingi wake, maana wafuasi wake wa mitaa ya wafanyakazi na wale vijana wa mjini hawakutaka jibu moja. Kwenye halmashauri za Juni 2024 ilipata asilimia 12 hivi, na Novemba ikapata 19. Vyama vingine vya kushoto, Social Democrats na Labour, vikachukua viti 11 kila kimoja kutoka kundi lilelile la wenye hasira.

Na kuna jambo la umri. Theluthi mbili za kaya bado zinamiliki nyumba zinazoishi, ingawa mwaka 1991 zilikuwa karibu nne kati ya tano. Mwenye nyumba mwenye umri wa miaka 60 anaona bei ikipanda na hasikii maumivu moja kwa moja; anayasikia kupitia mtoto wake aliyeko chumba cha juu. Huyo ndiye anayepiga kura bila kukosa. Mwaka 2024 waliojitokeza walikuwa chini ya asilimia 60, kiwango cha chini kuliko vyote katika muda wa karne moja.

Kabla ya siku ya kura mawaziri walikuwa wakisema nyumba zitakazokamilika mwaka huo zitakaribia 40,000. Januari, serikali ikiwa imeshapatikana, Ofisi Kuu ya Takwimu ilitangaza 30,330.

Oktoba 2025 upinzani wa kushoto ulijaribu kitu ambacho haukuwahi kukifanya vizuri, yaani kusimama nyuma ya mtu mmoja. Catherine Connolly, mgombea huru aliyeungwa mkono na Sinn Féin, Labour, Social Democrats, Kijani na People Before Profit, alichukua urais kwa asilimia 63. Lakini waliojitokeza hawakufika nusu, na kura zaidi ya 213,000 ziliharibika, nyingi kwa makusudi. Tena urais ni kiti kimoja na hauna mamlaka ya kujenga hata choo. Muungano huo utapimwa katika majimbo 43, pale wafuasi wa Labour watakapoombwa kuandika 2 mbele ya jina la Sinn Féin, na kinyume chake.

Bunge la sasa linaweza kuishi hadi mwisho wa 2029. Juni 2025 serikali ilitangaza kwamba mikataba ya upangaji itakayoanza tarehe 1 Machi 2026 itakuwa ya miaka sita, na ikiisha, mwenye nyumba ataruhusiwa kupandisha pango hadi bei ya soko. Wapangaji wa kwanza kufika hapo watafika Machi 2032, uchaguzi ujao ukiwa umeshapita.