Jini Mahaba Kutoka Upande Wake

SWALI: Mheshimiwa mwandishi wa safu hii, asalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Ujiji, Kigoma, na kazi yangu ni kuanika na kuuza dagaa. Jioni, nikishamaliza shughuli za nyumbani, mimi na binti zangu wawili hutazama filamu za Kichina zilizotafsiriwa, ambazo kijana wa duka la jirani hutuwekea kwenye flashi. Tunazozipenda kuliko zote ni zile za mapenzi kati ya binadamu na viumbe wasio binadamu: mbweha, nyoka, mizimu, na wale watu wa mbinguni wenye nguo ndefu. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, hapendi. Anasema tunawakaribisha majini nyumbani, na kwamba ni aibu kwa mtu mzima wa miaka 41 kumlilia mbweha. Ninamheshimu na sitaki tukosane, lakini ningependa kuelewa ni kitu gani kilichomo katika hadithi hizi kinachotuvuta namna hii, na kwa nini karibu kila mara wapenzi hao hutenganishwa mwishoni.
Mama Watatu, Ujiji, Kigoma

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimeliona neno ambalo hukuliandika ingawa lipo katika kila mstari, yaani jini mahaba. Hapo Ujiji, kama ilivyo katika miji mingi ya Waswahili, ni vigumu kumpata mtu mzima asiyelijua. Binti akipitisha umri bila kuposwa, au mke akimchukia mumewe pasipo sababu, watu hunong'ona kwamba amependwa na jini, na kinachofuata ni kisomo, kombe na mafusho. Kwetu, jini anayempenda binadamu ni maradhi ya kutafutiwa dawa. Hata akipewa nafasi ya kusema, husemeshwa kwa kinywa cha mgonjwa, hutaja masharti yake, kisha huamriwa atoke.

Wachina wanaye kiumbe huyohuyo, ila wao wamemwachia asimulie upande wake. Hicho ndicho ninachoamini kinakuvuta, kwa sababu unakutana na mtu uliyemsikia tangu utoto akitajwa kwa hofu, na safari hii unaambiwa alitoka wapi, alimpenda nani, na kupenda huko kulimgharimu nini.

Wao pia hawakuanza hivyo. Filamu nyingi za aina hii zina mizizi katika maandishi ya Pu Songling, mwalimu wa jimbo la Shandong aliyeishi kati ya mwaka 1640 na 1715, ambaye alifanya mitihani ya ngazi ya juu ya utumishi wa dola mara nyingi bila kufaulu na akaitumia sehemu kubwa ya maisha yake kukusanya na kuandika hadithi karibu 500 za mbweha, mizimu na mambo ya ajabu. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1766, nusu karne baada ya kifo chake. Mojawapo ya hadithi hizo inamhusu bwana mmoja aliyemwokota msichana mzuri njiani, akamficha katika chumba chake cha kusomea. Siku moja alichungulia dirishani, akaliona zimwi lenye uso wa kijani na meno kama ya msumeno, limetandaza ngozi ya mtu kitandani na kuipaka rangi kwa brashi, taratibu, kama fundi. Lilipomaliza liliiinua ngozi ile, likaikung'uta kama mtu anavyokung'uta nguo kabla ya kuivaa, likajifunika, na mara akasimama tena yule msichana. Hadithi hiyo haina mapenzi hata kidogo. Ni onyo kwa mwanamume mwenye mke anayebabaishwa na sura. Lakini ilipotengenezwa filamu kutokana nayo mwaka 2008, zimwi liligeuka mbweha anayempenda kwa dhati mume wa mtu, na kufikia mwisho anatoa nguvu zake za miaka elfu moja ili wafu wafufuke, naye akarudi kuwa mnyama.

Nyoka Mweupe, wa ngano nyingine maarufu ya Kichina, amepitia njia hiyohiyo. Katika masimulizi ya kale sana alikuwa hatari ya kuepukwa, na kadiri watu walivyoendelea kumsimulia ndivyo alivyozidi kuwa mke. Jina lake ni Bai Suzhen. Anakutana na Xu Xian, kijana wa duka la dawa, mvua ikinyesha katika Ziwa la Magharibi mjini Hangzhou, na mapenzi yao yanaanza kwa kuazimana mwavuli. Wanaoana, na wanaishi vizuri mpaka sikukuu ya siku ya tano ya mwezi wa tano, anaponyweshwa pombe iliyotiwa madini ambayo Wachina huamini hufukuza nyoka. Umbo lake linamrudia kitandani, na mumewe anakufa kwa hofu. Yeye anakwenda mlimani kuiba mmea wa uhai ili amfufue mwanamume ambaye amekufa kwa kumwona alivyo. Nilipoitazama sehemu hiyo niliwakumbuka Wayeye wa Unyamwezini, wacheza nyoka ambao wazee wa Tabora bado huwaeleza, na nikafikiri jinsi ilivyo kazi ngumu kumfanya mtu amhurumie kiumbe ambaye akikutana naye shambani atashika fimbo. Mtawa Fahai, anayeshikilia kwamba nyoka na binadamu hawawezi kuwa mume na mke, hatimaye anamfungia chini ya mnara wa Leifeng. Mnara huo ni wa kweli. Ulibomoka mwaka 1924, ukajengwa upya na kufunguliwa mwaka 2002.

Neno la kuzingatia hapa ni gharama. Kwa itikadi ya hadithi hizi, mnyama hapati umbo la binadamu bure, bali hukaa milimani miaka mia tano au elfu moja akijinyima na kutafakari, na akifika hapo bado amebakiwa na daraja za juu za kupanda. Kwa hiyo mbweha au nyoka anapompenda kijana maskini mwenye vitabu viwili na kanzu iliyochakaa, mtazamaji anajua kwa hesabu kamili kile anachokiweka rehani. Katika filamu nyingi nyingine wapenzi huambiana tu kwamba watakufa kwa ajili ya mwenzao. Hapa tunaona miaka elfu ikitolewa mbele ya macho yetu. Hayo, dada yangu, si mambo ya kumwonea mtu aibu akilia.

Umeuliza kwa nini hutenganishwa. Sababu mojawapo ni imani: mzimu ni wa upande wa giza na ubaridi, mtu hai ni wa upande wa jua na joto, na wakikaa pamoja uhai wa yule aliye hai hupungua siku hadi siku. Sababu nyingine ni kwamba roho inatakiwa kuzaliwa upya, na kabla ya kurudi duniani hunyweshwa supu ya bibi kizee aitwaye Meng Po, ili isahau yote iliyoyapenda. Kumwacha aende, basi, ndiko kumpenda. Filamu ya Hong Kong ya mwaka 1987 iliyoongozwa na Ching Siu-tung, ambayo imetokana na hadithi nyingine ya Pu Songling, imeliweka jambo hilo katika kitendo kimoja. Mimi niliitazama Tabora nikiwa kijana, katika kibanda umiza chenye mabenchi ya mbao na joto la kutosha kuivisha embe. Mzimu wa msichana Nie Xiaoqian unatakiwa kuondoka kabla ya jua kuchomoza, kwa kuwa mwanga utauangamiza. Alfajiri inaingia ghafla, na kijana anayempenda anautumia mwili wake wote kuuzuia mwanga usimfikie. Lakini ili auzuie inambidi ampe mgongo, na msichana anatoweka bila yeye kupata kumtazama mara ya mwisho. Mtafsiri wetu, ambaye tangu mwanzo alikuwa hanyamazi hata farasi wakipita, alinyamaza. Kwenye mabenchi kulikuwa na waendesha baiskeli na wabeba mizigo wa stesheni, na sikumsikia yeyote akicheka.

Kuna pia Mfugaji wa Ng'ombe na Msichana Mfumaji, waliotenganishwa na mto wa nyota angani na kuruhusiwa kuonana mara moja kwa mwaka, siku ya saba ya mwezi wa saba kwa kalenda yao. Sidhani kama mke wa Kigoma ambaye mumewe alipanda treni kwenda kutafuta maisha, na hurudi mara moja kwa mwaka, anahitaji kufafanuliwa hadithi hiyo.

Kuhusu hofu ya mama mkwe, mweleze kwa adabu kwamba hata huko China hadithi hizi huchukuliwa kuwa ngano za kale. Sheria yao ya filamu iliyoanza kutumika Machi 2017 inakataza filamu kueneza ushirikina, na hiyo ni sababu mojawapo inayowafanya watengenezaji wa huko kupendelea mbweha na watu wa mbinguni wa zama za kale kuliko mizimu ya mijini ya siku hizi. Jambo ambalo mimi ningelizungumza na binti zako ni jingine: katika nyingi ya hadithi hizi mwanamke ndiye anayetoa karibu kila kitu, na mwanamume, kama Xu Xian anayemsikiliza kila anayemtia shaka juu ya mkewe, mara nyingi ni dhaifu. Waulize wanamwonaje mume huyo. Wanaweza kukushangaza.

Halafu ipo sehemu ya hadithi ya Nie Xiaoqian ambayo nadhani mama mkwe wako ataipenda, kwa sababu inamhusu. Katika maandishi ya Pu Songling wapenzi hawa hawatengani. Kijana anaihamisha mifupa ya msichana, anaizika karibu na chumba chake cha kusomea, na mzimu unamfuata nyumbani. Mama yake kijana anaogopa, na ni haki yake kuogopa. Mchana anamwachia aingie jikoni kupika, lakini giza likiingia hampi kitanda, anamwambia aende zake. Msichana habishani, asubuhi anarudi, anamhudumia mama, anafanya kazi za nyumba kana kwamba amezaliwa humo. Siku zinavyopita mama anampenda kama mwanawe wa kumzaa, mpaka anasahau kwamba ni mzimu, na anamwachia alale ndani. Alipofika mara ya kwanza hakuwa akila wala kunywa chochote. Baada ya nusu mwaka akaanza kunywa uji mwepesi, kidogo kidogo. Baadaye mama huyohuyo ndiye anayeridhia aolewe na mwanawe, na anamzalia mjukuu.

Sehemu hiyo ya uji haimo katika filamu ya mwaka 1987, kwa hiyo kijana wa flashi hawezi kukusaidia. Itabidi umsimulie mama mkwe wewe mwenyewe, labda jioni mkiwa mnachambua dagaa pamoja.