Ardhi, ndovu na misitu ya Taita-Taveta: majibu kwa wasomaji

Kaunti yetu ina takriban kilomita mraba 17,000. Mbona ardhi ya kulima ni haba? (Voi)

Karibu asilimia 62 ya eneo hilo imo ndani ya hifadhi za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizotengwa mwaka 1948, na sehemu kubwa ya inayobaki ni ranchi na mashamba ya mkonge. Mvua ya kutegemewa hunyesha milimani, na huko ndiko watu walikobanana, wakilima vipande vinavyogawanywa upya kila kizazi.

Ndovu wamemaliza mahindi yangu. Uzio wa mizinga ya nyuki unafaa kweli? (Sagalla)

Unafaa, ila una masharti yake. Mizinga hutundikwa kwenye nguzo kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya, hivyo ndovu akiusukuma waya huo mizinga hutikisika na nyuki hutoka kwa hasira, wakamuuma kandokando ya macho na ndani ya mkonga, asikoweza kuvumilia. Huko kwenu Sagalla uzio huu umejaribiwa kwa miaka mingi, na ndovu wengi wanaoufikia hurudi nyuma. Lakini ukame ukizidi maua hukosekana, nyuki huhama, na mizinga mitupu haina kinga kubwa. Kwa hiyo wawekee nyuki maji karibu. Tunza pia kumbukumbu za hatua ulizochukua, kwani Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 humnyima fidia mtu aliyeshindwa kuchukua hatua zinazofaa za kulinda mali yake. Kwa maoni yangu sharti hilo linamwonea mkulima asiye na fedha za nguzo na waya, na linastahili kurekebishwa.

Je, niondoe miti ya asili juu ya chemchemi nipande mikaratusi? (Wundanyi)

Nakusihi usifanye hivyo. Majani ya msitu wa asili hunasa ukungu unaopanda kutoka nyika, matone yakadondoka na kuingia ardhini hata siku zisizo na mvua, ilhali mkaratusi hunywa maji mengi. Misitu ya Ngangao, Chawia na Mbololo ni mabaki tu ya ule uliokuwepo, nayo ina ndege wasiopatikana kwingine duniani. Ukihitaji mbao, panda mikaratusi mbali na maji.

Maji ya chemchemi za Mzima hutoka wapi? (Taveta)

Ni mvua ya vilima vya Chyulu, ambayo hupenya katika miamba ya volkano na kuibuka Mzima, kisha sehemu yake hupelekwa Mombasa kwa bomba. Anayekata miti ya Chyulu kwa ajili ya makaa anamgusa hata mkazi wa pwani.