Ukitaka kuwa dereva wa rali, tafuta mwelekezi kabla ya gari

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wanaotaka kuingia mbio za magari ni hili: ninunue gari gani? Subaru? Evo ya mtumba? Au tuchange na marafiki tuchukue Fiesta? Mimi nimekaa kiti cha mwelekezi, yule anayekaa kando ya dereva akimsomea njia, miaka mingi, katika ubingwa wa taifa wa Kenya na katika duru kadhaa za ubingwa wa Afrika, na jibu langu huwakera. Hiyo pesa iweke kwanza. Tafuta mtu wa kukaa kando yako. Utasema mwamba ngoma huvutia kwake, na kweli navutia kwangu, lakini nipe nafasi nieleze.

Tazama walioshinda sana. Sébastien Loeb alitwaa mataji yake tisa ya dunia akiwa na mtu mmoja kando yake, Daniel Elena. Sébastien Ogier alianza na Julien Ingrassia mwaka 2006, wakaachana mwisho wa 2021 Ingrassia alipostaafu, tayari wana mataji manane kabatini. Hapa kwetu Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na mwelekezi alikuwa yuleyule, Mike Doughty. Joginder Singh aliposhinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544, kiti cha pili alikikalia nduguye Jaswant.

Sababu ni noti za njia. Kazi ya dereva wa rali huanza siku kadhaa kabla ya mbio, tena kwa mwendo wa pole. Katika ubingwa wa dunia, WRC, mnaruhusiwa kupita kila mkondo, yaani kila kipande cha barabara kinachofungwa kwa mbio, mara mbili tu, kwa gari la kawaida, kikomo cha kasi kimewekwa na GPS inawachunga. Mara ya kwanza dereva anatamka anachokiona na mwelekezi anaandika. Mara ya pili mwelekezi anasoma na dereva anasahihisha. Basi, imeisha. Mtakaporudi siku ya mbio mtakuwa mnaruka vilima ambavyo macho hayawezi kuona ng'ambo yake, na mtakachokuwa nacho ni maneno yale mliyoandika.

Mfumo wa wengi ni wa nambari, moja hadi sita. Sita ni kona unayoipita kwa gia ya juu bila kugusa breki, moja ni kona unayokaribia kusimama ili uizunguke. Katikati mnaingiza umbali wa mita, vilima, mawe, mashimo, na maonyo. Mstari mmoja kutoka daftari langu la Sleeping Warrior, ule mkondo wa kilomita 31 hivi karibu na Ziwa Elementaita, unasomeka: "Kushoto sita, mia moja, kilima, kulia nne ndefu inafunga, usikate, jiwe ndani." Dereva mgeni huiita kona hiyo tano kwa sababu mwanzo wake ni mpana na unavutia. Akifika katikati barabara inambana, na upande wa nje kuna mtaro. Kwa hiyo nikiwa na dereva mpya, hapo namwambia asimame.

"Umesema tano. Mwisho wake umeuona?"

"Naona tu ule mti, mzee."

"Kama hujauona, hiyo si tano. Sema nne, inafunga."

Kijana wa aina hii huona namrudisha nyuma. Jumamosi, akifika pale kwa kasi na gari likakubali kugeuka, huwa haulizi tena.

Jambo linalochukua miaka ni kuzifanya nambari zako zisibadilike. Nne yako ya Naivasha iwe nne ileile ukiwa Uganda, ukiwa umelala vizuri au umekesha, ukiwa unaongoza au uko mkiani. Dereva anayebadilisha mwelekezi kila duru hawezi kufika huko, kwa sababu kila mara anafundisha mtu mwingine lugha yake upya. Na zoezi lenyewe halihitaji gari la mbio. Chukueni gari la nyumbani, tafuteni barabara mbovu isiyo na watu wengi, mwende kwa mwendo halali, mmoja atamke na mwingine aandike. Wiki ijayo rudini msome mlichoandika. Mtashangaa ni kona ngapi mlizidanganya. Mkikosa hata petroli, fungueni video zilizorekodiwa ndani ya magari ya rali, zimeni sauti, muandike noti zenu, kisha washeni sauti mlinganishe na za wenyewe.

Usomaji nao una maringo yake. Ukisoma mapema mno dereva anasahau, ukichelewa ameshaingia konani. Sauti ya mwelekezi ikipanda, kasi ya dereva inapanda nayo, kwa hiyo mahali pa hatari nashusha sauti makusudi. Lugha chagueni ile ambayo dereva haifikirii. Wengi niliowasomea walitaka Kiingereza, lakini niliwahi kusomea mmoja kwa Kiswahili kitupu na tulikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia.

Kisha kuna vumbi la Naivasha, lile laini kama unga ambalo wanarali huliita feshfesh. Magari ya kwanza yanapopita yanachimba mifereji, na mkondo uliouona asubuhi unaukuta jioni una barabara nyingine kabisa juu yake. Mwaka 2021, Safari iliporudi WRC baada ya kukosekana tangu 2002, Kalle Rovanperä alikwama kwenye mchanga wa mkondo wa Kedong siku ya Ijumaa na siku yake ikaishia hapo. Mwaka uliofuata alirudi akashinda. Magari ya Safari yanaruhusiwa kufungwa bomba refu la kuvutia hewa kutoka juu, la kukinga injini na maji na vumbi, lakini bomba haliwezi kukuambia mfereji uko wapi. Mkimaliza mzunguko wa kwanza, kaeni kituo cha huduma na daftari kabla ya chakula, mwandike yaliyobadilika mkiwa bado mnayakumbuka.

Hapa ndipo ninapowapoteza wengi: kutunza gari. Mwaka huohuo wa 2021 Thierry Neuville aliianza Jumapili akiongoza kwa karibu dakika moja. Katika mkondo wa kwanza wa siku, Loldia, shokapu ya nyuma ikavunjika, na Ogier akachukua ushindi. Angalia sasa walioshika nafasi ya saba, ya nane na ya tisa kwa jumla: Onkar Rai, Karan Patel na Carl Tundo, Wakenya watatu wenye magari ya daraja la chini ya yale ya timu za viwanda vya magari. Hawakuwa na kasi ya madereva wa timu hizo, akina Ott Tänak. Walijua wapi pa kunyanyua mguu. Joginder naye alitoka gereji, na kila anayemsimulia husifu jinsi alivyosikiliza gari. Kama hujawahi kubadilisha shokapu wala kufunga breki kwa mikono yako, tafuta fundi wa timu yoyote umwombe umbebee spana msimu mmoja. Utajifunza kutambua mlio wa kitu kinachotaka kukatika, na utajifunza pia kubadilisha gurudumu lenye pancha katikati ya mkondo bila kugombana na mwelekezi wako.

Saa ni kazi yangu, lakini dereva azijue kanuni. Kufika kituo cha saa, ile meza ambako muda wenu huandikwa, umechelewa ni adhabu ya sekunde 10 kwa kila dakika, kuwahi ni dakika nzima kwa kila dakika. Ndiyo, kuwahi kunaadhibiwa zaidi, kwa hiyo ukiniona nimesimama nje ya gari mita chache kabla ya meza naangalia saa, usinipigie honi. Na kati ya mkondo na mkondo mko barabara ya umma pamoja na matatu na malori, chini ya sheria za trafiki kama raia wengine wote.

Usalama nao hauna mjadala. Gari likisimama ndani ya mkondo, pembetatu inawekwa angalau mita 50 nyuma, upande ambao wenzenu wanatokea. Mkiwa wazima mnaonyesha bango la kijani la OK. Mkihitaji daktari mnaonyesha lile jekundu la SOS, na anayefuata analazimika kusimama hata kama anaongoza mbio. Nimeona vijana wakishuka wakaanza kwa kutafuta simu zao. Fanyeni mazoezi ya kutoka garini, helmeti kichwani na mikanda imefungwa, mpaka mikono ijue njia yenyewe.

Sasa njia ya kupanda. Langalanga sitaisemea sana. Anayetaka Formula One anaanza karti utotoni, anapitia Formula 4, 3 na 2, na anahitaji pointi 40 ili apewe leseni kuu, karibu zote zinazopatikana katika ligi za ng'ambo zinazogharimu fedha ambazo familia nyingi hazijawahi kuziona. Mlango wa rali kwetu ni mpana zaidi. Kenya ina autokrosi, mbio fupi za kuzunguka uwanja wa vumbi, zenye daraja hadi la watoto wadogo, kisha ubingwa wa taifa, kisha ubingwa wa Afrika, ARC. Charles Muhangi wa Uganda aliutwaa huo mwaka 1999, na baadaye ukaja mikononi mwa Wakenya, Tundo mwaka 2021, kisha Patel. Juu yake kuna ngazi ya magari: Rally5, Rally4, Rally3, Rally2, na kileleni Rally1.

Mfano wa karibu wa kuvuka ni McRae Kimathi. Februari 2022 yeye na mwelekezi Mwangi Kioni walikwenda Umeå, Sweden, wakaanza Junior WRC, ubingwa wa dunia wa vijana, kwa Fiesta Rally3 juu ya theluji na matairi ya misumari. Waza: umekua ukiendesha kwenye vumbi, na sasa kuta za theluji kando ya barabara ni kitu ambacho wenzako hukiegemea makusudi ili wageuke. Hakuna kasi ya Naivasha itakayokufundisha hilo. Kwa hiyo ukipata nafasi ya kwenda nje, omba siku za majaribio kabla ya kuomba mbio zaidi. Duru tatu zenye majaribio zinakupa zaidi ya sita za kukurupuka.

Wapo wanaosema Wazungu wamezaliwa na bahati. Bahati ipo, siikatai: Rovanperä alikuwa na baba dereva wa WRC. Lakini angalia walichofanya na bahati hiyo. Alipokuwa hajafikia umri wa leseni ya barabara kwao Finland, walimpeleka Latvia ambako sheria zilimruhusu kushindana, na barabara za umma kati ya mikondo ziliendeshwa na mwelekezi wake, Risto Pietiläinen, aliyewahi kumwelekeza babake. Ogier hakuwa na baba wa aina hiyo. Alikuwa fundi wa magari na mwalimu wa kuteleza kwenye theluji, akashinda shindano la kusaka vipaji la shirikisho la Ufaransa mwaka 2005. Mashindano ya namna hiyo yakitangazwa, jaza fomu. Wengi hawajazi.

Tumalizie pesa, maana ndizo zinazomaliza safari za wengi. Mdhamini hanunui kasi yako. Ananunua watu watakaomwona. Usimpelekee barua ya kuomba msaada. Mpelekee kurasa mbili: nani anakufuata mtandaoni, mbio zinapita miji gani, gari litaegeshwa wapi siku ya maonyesho, wateja wake wataruhusiwa kukaa kiti changu lini. Baada ya kila duru mtumie ripoti yenye picha, hata kama uliishia mtaroni mkondo wa kwanza. Namjua dereva wa wastani tu aliyedhaminiwa mwaka baada ya mwaka kwa sababu ya ripoti hizo, na mwepesi kuliko yeye aliyebaki nyumbani.

Na ukifikia hatua ya kukodi gari Ulaya, soma mkataba na mtu anayeelewa. Bei ya gari jipya la Rally3 lilipoanza kuuzwa mwaka 2021 ilikuwa kama euro 100,000, kwa hiyo wengi wanakodi kwa duru. Bei unayotajiwa kwa kawaida ina gari na mafundi. Matairi huhesabiwa kando. Mafuta pia, na siku za majaribio. Halafu kuna kiasi ambacho unakilipa wewe gari likiharibika kabla bima haijaanza kugusa chochote, na mara nyingi kinashikiliwa kama dhamana kabla hujapewa ufunguo. Uliza kiasi hicho ni kwa kila ajali au kwa duru nzima. Uliza injini ikifa yenyewe analipa nani. Uliza nani anaamua kwamba imekufa yenyewe. Uliza nauli na hoteli ya mwelekezi ziko upande gani. Majibu yote yaandikwe kwenye mkataba wenyewe, na usisaini usiku wa kuamkia ukaguzi wa njia, ile siku ya kuandika noti, wakati ambao wenye magari hupenda sana kukuletea kalamu.