Maswali ya Wasomaji: Mlango wa 900 Unaopimika 35.43

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimetumiwa ramani ya nyumba niiendeleze kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea ramani kwa kompyuta; vipimo vyake ni vya milimita. Mlango umeandikwa 900, lakini nikiupima kwa DIST, amri ya kupima umbali, napata 35.43. Nikakuza mchoro wote mara 25, mlango ukawa karibu 886. Nikaukuza tena kwa 1.02, ukafika 903.5, nikaona inatosha. Sasa ukuta wa nje ulioandikwa 12000 unapimika 12047. Isitoshe, mteja anataka chumba kimoja kirefuke kutoka 3000 hadi 3600. Nilipotumia SCALE, amri ya kukuza, kuta zikanenepa. Nimekosea wapi?
— Mchoraji mwanagenzi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vema kuupima ukuta kabla ramani haijatoka mikononi mwako.

Hiyo 35.43 imekwambia kila kitu. Gawanya 900 kwa 25.4 uone. Aliyechora alitumia inchi, na tangu makubaliano ya mwaka 1959 inchi moja ni milimita 25.4 kamili. Wewe umezidisha kwa 25, kisha 1.02, jumla 25.5. Mlangoni kosa ni milimita tatu na nusu, jicho halilioni. Kwenye ukuta wa mita kumi na mbili limekuwa milimita 47. Kosa la kukuza hukua pamoja na urefu, ndiyo maana mlango ulikuridhisha na ukuta ukakataa.

Kama faili la awali unalo, lirudie, utumie 25.4 mara moja tu. Kama huna, usitafute namba ya kusahihisha kwa kubahatisha. Iachie programu hesabu hiyo. Fungua kwanza leya zote, yaani matabaka ya mchoro, zilizofungwa au kugandishwa, maana kilichomo kwenye leya iliyofungwa hakitakuzwa, utabaki na samani ndogo ndani ya nyumba kubwa. Chagua kila kitu, andika SC (kifupi cha SCALE), shika kona moja ya jengo iwe nukta ya kuegemea. Kona hiyo haitasogea, mengine yote yataikaribia au kuikimbia. Kisha andika R, yaani kukuza kwa kufuata urefu unaouonyesha. Bofya ncha mbili za ukuta ule wa nje, osnap (kinachonasa ncha kamili ya mstari) ikiwa imewashwa, halafu andika 12000. Basi. Nakushauri uegemee ukuta wala si mlango, kwa sababu ukikosea milimita moja kwenye mlango wa 900, ukutani unapata zaidi ya 13. Ukimaliza, pima urefu mwingine unaokwenda upande wa pili, usiurudie uleule uliouegemea.

Sasa iangalie ile 900 yenyewe. Iliwezaje kusomeka 900 wakati mstari ni 35.43? Ama mtu ameiandika kwa mkono juu ya kipimo halisi, ama mtindo wa vipimo umewekewa kizidisho, DIMLFAC. Bofya kipimo, fungua sifa zake, uone ni lipi. Kama ni kizidisho, kirudishe kuwa 1, la sivyo mlango uliokwisha kuwa 900 utaandikwa 22860. Kama ni maandishi ya mkono, yafute. Namba iliyoandikwa kwa mkono haibadiliki hata ukiukata mlango nusu, na mimi naiona ni hatari kuliko mstari uliopinda, kwa kuwa fundi huamini namba.

Nasema hivi kwa uchungu. Miaka yangu ya mwanzo nilipanua vyumba vitatu kwa SCALE, kizidisho 1.1, nikafurahi vimetosha nilipotaka. Sikuona kwamba milango ya 800 nayo imekuwa 880. Seremala akapewa nakala yangu mpya, mwashi alikuwa na ile ya kwanza. Nilizikuta fremu tatu zimeegemezwa kando ya nafasi zisizoingia, mbao nzuri, zimepigwa msasa tayari. Hakuna aliyenigombeza, lakini zile fremu naziona hadi leo.

Chumba chako ni jambo lilelile. Kutoka 3000 hadi 3600 ni kizidisho cha 1.2, na SCALE haichagui: ukuta wa 150 unakuwa 180, mlango wa 900 unakuwa 1080, upana wa chumba nao unaongezeka ingawa hakuna aliyeuomba. Mteja ameomba urefu. Hapo tumia STRETCH, amri ya kurefusha upande mmoja tu. Vuta dirisha la kuchagulia kutoka kulia kwenda kushoto, lile la kijani, likumbatie ukuta wa mwisho wote na kukata zile kuta mbili ndefu katikati. Shika nukta yoyote, elekeza upande unaotaka, ORTHO (inayolazimisha mwendo ulionyooka) ikiwa imewashwa, andika 600. Kilichomo chote ndani ya dirisha husogea, kilichokatwa hurefuka, unene wa ukuta unabaki 150. Tahadhari na dirisha la chumba lililo kwenye ukuta mrefu: kama ni bloku, yaani mchoro uliofungwa pamoja kuwa kitu kimoja, litahama au litabaki kutegemea nukta yake ya kuingizia imeangukia wapi. Lirekebishe kwa MOVE.

Na kama hofu yako ilikuwa ramani kutotosha kwenye karatasi, nyumba usiiguse. Chora kwa kipimo kamili, kisha 1:50 au 1:100 iweke kwenye dirisha la karatasi, yaani fremu inayoonyesha mchoro kwenye ukurasa wa kuchapa, wakati wa kuchapa.