Kilima cha kuruka kwa skii: mnara uchore mwisho

Msanifu mgeni katika kazi hii huvutiwa na mnara, maana ndio unaopigwa picha. Uache kwanza. Chora mkato wa wima tangu benchi la kuanzia hadi mrukaji anaposimama. Mstari huo ukikosewa, hakuna umbo litakalouokoa.

Anza na kasi. Kwenye kilima kikubwa mrukaji hufika kwenye meza ya kurukia akiwa na takriban kilomita 90 kwa saa, yaani mita 25 kwa sekunde. Kasi hiyo, kama msuguano na upinzani wa hewa visingekuwepo, ingetaka mshuko wa mita 32 tu. Vipo, kwa hiyo ongeza. Sehemu ya juu ya njia huinama nyuzi 35 hivi. Meza nayo huinama, kama nyuzi 11 kwenda chini, ingawa wengi hudhani imeinuliwa mbele.

Baina ya hizo mbili kuna mkunjo, na hapo ndipo pa kutumia muda wako. Kwa nusukipenyo cha mita 90, miguu hubeba uzito wa mwili pamoja na nyongeza ya karibu 0.7 yake. Tao la duara huuleta mzigo huo kwa mara moja, mrukaji anapotakiwa kutulia. Tumia mkunjo unaokaza polepole.

Mteremko wa kutua uifuate njia ya mrukaji: hewani huwa mita chache tu juu ya ardhi. Kinachoumiza magoti si urefu wa mruko bali pembe kati ya njia yake na ardhi. Kupita alama ya HS (ukubwa rasmi wa kilima), ardhi huanza kulala na kishindo hukua haraka. Dawa yake iko juu: weka ngazi nyingi za kuanzia, zilizokaribiana, ili waamuzi wapunguze kasi kwa kumwanzisha mrukaji chini zaidi, upepo wa mbele unapozidi na kurefusha miruko.

Kosa la kawaida ni kuchora zege kwenye kimo cha mwisho na kusahau theluji. Ikipanda sentimita 30 kuliko ulivyokusudia hapo chini ya meza, meza ya mita 3 imepoteza sehemu ya kumi ya kimo chake.

Upepo upime kabla ya kuchagua mahali, tena kwenye kimo cha mruko, si chini bondeni. Kwenye Olimpiki ya Pyeongchang 2018, fainali ya wanaume ya kilima cha kawaida ilivuka saa sita usiku kwa sababu ya upepo. Holmenkollen mpya, kilima cha Oslo cha 2010, ina kinga za upepo ndani ya umbo lenyewe, hazikubandikwa baadaye.

Sasa chora mnara. Ule wa kilima cha Bergisel, Innsbruck, kazi ya msanifu Zaha Hadid ya 2002, una mkahawa juu. Tenga lifti na njia za wageni mbali na chumba cha warukaji. Anayesubiri zamu hahitaji harufu ya kahawa.