Kapulingi Haihitaji Zoezi

Msomaji mmoja, fundi wa injini za boti, ameniandikia hivi: "Katika zoezi la kutoa kapulingi iliyokwama kwenye shafti, mimi husema 'kuifungua', lakini mwenzangu hunisahihisha kwamba ni 'kuichomoa'. Nani kati yetu amepatia?" (Kapulingi ni kiungio cha chuma kinachoishikanisha giaboksi na shafti, yaani mhimili unaozungusha propela.)

Hakuna aliyepatia sawasawa, na sababu nitazitaja; ila sitafika huko kabla sijaliondoa njiani neno la pili katika swali lenyewe.

"Zoezi" limetokana na "zoea", kwa kupitia "zoeza". Ni jambo linalorudiwarudiwa ili mwili au akili izoee: mwanafunzi hupewa zoezi la hesabu, mwanariadha hufanya mazoezi, na askari wanaolenga shabaha za mbao wamo mazoezini. Siku hizi, hata hivyo, kura hazihesabiwi mpaka liwepo zoezi la kuhesabu kura, taka hazizolewi bila zoezi la kuzoa taka, na sasa kumbe balaa hilo limeteremka hadi kwenye ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya boti.

Hebu tumtazame fundi wetu. Amejikunja chini ya sakafu, shavu limeegemea giaboksi, mkono mmoja umeshika spana na wa pili unapapasa bolti asiyoiona. Kutu imeigandisha kapulingi kwenye shafti hata vyuma viwili vinaonekana kimoja. Tangu jana anainyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, wala haitikisiki. Nyundo anaiogopa, na ana haki, maana pigo lolote hapo huishia kwenye beringi za giaboksi. Je, anajizoeza nini? Lingekuwa zoezi, basi kapulingi ikishatoka angepaswa kuirudisha, aisubiri ishike kutu tena, kisha aanze upya, na jioni mwalimu ampe alama saba kwa kumi. Mwenye boti angelipia zoezi la namna hiyo? Huyu anafanya kazi, tena kazi ngumu, na ukiyafuta maneno "zoezi la" katika barua yake, sentensi inabaki nzima: "Katika kutoa kapulingi iliyokwama..." Hakuna kilichopungua isipokuwa majivuno.

Sasa vitenzi. "Kufungua" ni kinyume cha "kufunga", kwa hiyo kinazihusu bolti zinazoishikanisha kapulingi na flenji ya giaboksi, yaani sahani yake ya chuma yenye matundu ya bolti. Zikishafunguliwa zote, kapulingi iliyokwama hubaki pale pale ikimtazama fundi. "Kuchomoa" ni kinyume cha "kuchomeka", nacho hukifaa kitu kilichoingia ndani ya kingine, na hapa kilichoingia ni shafti. Kapulingi yenyewe imevaliwa na shafti kama pete ilivyovaliwa na kidole, na pete huvuliwa. Kabla ya kuvuliwa, kwa kuwa imekwama, hukwamuliwa; kitenzi hiki kizuri tumekiachia wanasiasa wanaokwamua uchumi, ilhali fundi ndiye anayekihitaji kila siku.

Mbinu ya kazi yenyewe inaniunga mkono. Skrubu zinazoibana kapulingi kwenye shafti zikishatolewa, fundi hutia kipande cha chuma, chembamba kuliko shafti, kati ya ncha ya shafti na flenji ya giaboksi, kisha hurudisha bolti ndefu zaidi na kuzikaza kidogo kidogo kwa zamu. Kipande kinaizuia shafti isisogee, bolti zinaivuta kapulingi, nayo inavuka ncha ya shafti taratibu, milimita kwa milimita. Huko ni kuvua hasa, wala hakuna kilichochomolewa.

Kwa hiyo bolti zifunguliwe, kapulingi ikwamuliwe, kisha ivuliwe. Atakayesema "kutoa" tu simgombezi, maana aliyelala chali kwenye maji ya ngama hana nafasi ya kuchagua vitenzi. "Zoezi", hata akiwa chali, sitamsamehe.